Pampu Ndogo na Mzigo Mkubwa

1. Mahali pa wapagazi

Katika mji wa Dar es Salaam pana mtaa mashuhuri uitwao Kariakoo. Jina hilo lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, nao wenyeji walilitamka kwa ulimi wao mpaka likawa Kariakoo. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi mahali hapo. Watu hao walichukua chakula, risasi na vifaa vya vita vichwani na mabegani, mwendo wa siku nyingi porini. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kambi imekwisha toweka zamani, lakini jina limebaki.

Hata leo mtu asimamaye Kariakoo huona kazi ya kuchukua mizigo. Wachukuzi hupita na marobota ya nguo, na mikokoteni husukumwa katikati ya watu. Lakini tazama kule linakojengwa ghorofa jipya. Lori dogo limekuja na mchanga. Dereva anavuta mkono mmoja mdogo, injini inanguruma kidogo, na upande wa mbele wa bodi unaanza kuinuka polepole. Mara mchanga unateremka wote chini. Kazi hii haikuchukua muda mrefu kuliko ule wa mtu kufunga kamba za viatu vyake.

Je, ni nani aliyeinua mzigo ule? Ukichungulia chini ya lori utaona chombo cha chuma, ambacho si kikubwa sana kupita ngumi mbili za mtu mzima. Hicho ni pampu ya mafuta, nayo huendeshwa na injini ile ile iendeshayo magurudumu. Katika somo hili tutajifunza jinsi pampu hiyo ifanyavyo kazi, na jinsi fundi apaswavyo kuifikiri kabla ya kuifunga.

2. Kimiminiko hakikubali kubanwa

Chukua bomba jipya la sindano lisilo na ncha, vuta hewa ndani, kisha ziba tundu kwa kidole. Ukisukuma utaona hewa inabanwa, na ukiachia inarudi kama kamba ya mpira. Sasa jaza maji badala ya hewa, uzibe tena, usukume. Mara hii bomba linakataa kabisa. Maji hayakubali kubanwa, na mafuta ni vivyo hivyo. Ukiyasukuma mahali pamoja, huupeleka msukumo wako kila upande wa chombo yalimo.

Jambo hili lilielezwa na Mfaransa aitwaye Blaise Pascal, aliyeishi tangu mwaka 1623 hata 1662. Mwaka 1795 fundi wa Uingereza, Joseph Bramah, alipewa hati ya uvumbuzi wake wa mashine ya kushindilia itumiayo kanuni hiyo.

Tuseme una mabomba mawili yaliyounganishwa kwa mrija, nayo yamejaa maji. Bomba dogo lina eneo la sentimita mraba 1, na bomba kubwa lina sentimita mraba 10. Ukisukuma bomba dogo kwa nguvu ya kilo 1, bomba kubwa litainua kilo 10. Mtoto aonaye hivi kwa mara ya kwanza hudhani ni kiinimacho. Lakini pima tena kwa rula. Bomba dogo limeshuka sentimita 10, na lile kubwa limepanda sentimita 1 tu. Ulichopata katika nguvu umekilipa katika mwendo. Hakuna cha bure.

Nguvu ikaayo juu ya kila sentimita mraba moja huitwa shinikizo. Likumbuke neno hili, maana tutalihitaji katika hesabu zetu.

Mafundi hutumia mafuta badala ya maji kwa sababu mafuta hulainisha vyuma visagavyo, wala hayaleti kutu.

3. Pampu ya gea

Pampu za mafuta zina namna nyingi, lakini ile ionekanayo mara nyingi chini ya malori ya mchanga ni pampu ya gea. Ndani ya nyumba ya chuma mna magurudumu mawili yenye meno yaliyoshikana. Injini huzungusha moja, nalo huzungusha mwenzake.

Watu wengi hufikiri kwamba mafuta hupita katikati, pale meno yanaposhikana. Sivyo. Mafuta huingia upande mmoja, hujaza nafasi zilizo kati ya jino na jino, na huchukuliwa kwa nje, kandokando ya ukuta wa nyumba, mpaka upande wa pili. Hapo meno hukutana tena. Jino la gurudumu moja huingia katika nafasi ya gurudumu la pili, na mafuta yaliyokuwamo hukosa mahali pa kukaa, yakalazimika kutoka.

Basi kila nafasi ya meno ni kama mpagazi mwenye kibaba chake. Achukuacho ni kidogo sana, lakini hachoki, na wenziwe wanamfuata mbiombio. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa pana jambo ambalo hata watu wazima hulikosea. Pampu haitengenezi shinikizo. Pampu hupeleka mafuta tu. Shinikizo huletwa na mzigo uyazuiao mafuta yasipite. Bodi ikiwa tupu, mafuta hupita kwa wepesi na shinikizo huwa dogo. Bodi ikijaa mchanga, shinikizo hupanda, ingawa pampu ni ile ile na mwendo wake ni ule ule. Na kama njia imezibwa kabisa, pampu haina akili ya kusimama. Itasukuma na kuzidi kusukuma mpaka kitu kipasuke.

4. Fundi na mwanafunzi wake

Karibu na Kariakoo ni Gerezani, mahali penye maduka ya vipuri na mafundi wa vyuma na magari. Tufanye kama tumeingia katika karakana moja ya huko, ambamo fundi mzee ameletewa lori dogo lililoharibika pampu. Mwanafunzi wake anakuja mbio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, nimeona pampu kubwa dukani. Niinunue? Pampu kubwa si ndiyo yenye nguvu?"

"Umeanza mwisho wa safari, mwanangu. Kwanza niambie mzigo. Mshonaji hakati kitambaa kabla hajampima mtu."

Basi wakakaa chini na daftari. Nasi tuifuate hesabu yao hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: mzigo. Mchanga na bodi pamoja ni kilo 4,000. Lakini jeki imelala chini ya bodi kwa mshazari, karibu na bawaba, na mwanzo wa kuinua ndio mgumu kuliko wote. Fundi amepima, akaona kwamba jeki yahitaji kusukuma kwa nguvu ya kilo 8,000.

Hatua ya pili: shinikizo. Pistoni ya jeki ina upana wa sentimita 10, kwa hiyo eneo lake ni sentimita mraba 78.5. Gawanya 8,000 kwa 78.5. Jibu ni 102 hivi. Yaani kila sentimita mraba moja itachukua kilo 102. Hewa iliyo katika gurudumu la motokaa ndogo huwa na kama kilo 2 tu kwa sentimita mraba moja. Basi mafuta haya yatabanwa mara 50 kuliko hewa hiyo.

Hatua ya tatu: mafuta. Jeki hurefuka sentimita 60. Zidisha 78.5 kwa 60, utapata sentimita za ujazo 4,710, yaani lita 4.7 hivi.

Hatua ya nne: wakati. Mwenye lori ataka bodi iinuke kwa sekunde 20. Katika dakika moja mna sekunde 20 mara tatu, kwa hiyo pampu lazima ipeleke lita 14 na kitu kwa dakika.

Hatua ya tano: ukubwa wa pampu. Wakati wa kumwaga mchanga, pampu itazunguka mara 1,000 kwa dakika. Gawanya sentimita za ujazo 14,130 kwa 1,000. Kila mzunguko utapaswa kutoa sentimita za ujazo 14. Lakini mafuta mengine huponyoka na kurudi nyuma kati ya meno na ukuta. Fundi anakadiria sehemu moja katika kumi, basi anachagua pampu ya sentimita za ujazo 16. Hiyo ni kama vijiko vitatu vya chai kwa kila mzunguko!

Hatua ya sita: nguvu ya injini. Kusukuma kilo 8,000 kwa mwendo wa mita 0.6 ni kazi ya 4,800. Ukigawanya kwa sekunde 20 utapata 240 kwa kila sekunde. Nguvu ya farasi mmoja huhesabiwa kuwa 75 kwa sekunde, basi jibu ni farasi 3.2. Tukiongeza kinachopotea njiani, tuseme farasi 4. Injini ya lori kama hili huweza kuwa na nguvu za farasi 100 au zaidi, kwa hiyo haitaona taabu.

Mwanafunzi akastaajabu, akasema, "Kumbe ile pampu kubwa ingekuwa hasara!"

"Si hasara tu," akajibu fundi. "Ingeinua bodi kwa haraka mno, na mchanga ungeyumba wote upande mmoja. Lori lingeweza kupinduka."

5. Udogo una bei yake

Mwanafunzi akauliza tena: "Je, twaweza kuipunguza pampu zaidi, ikawa ndogo kama yai?"

Twaweza. Kama jeki ingekuwa na nusu ya eneo lake, mafuta yatakiwayo yangekuwa nusu, na pampu ingekuwa nusu. Lakini mzigo haukupungua, kwa hiyo shinikizo lingekuwa mara mbili, yaani kilo 204 kwa kila sentimita mraba. Hapo mipira ya mafuta, mihuri ya jeki na nyumba ya pampu vyote vingepaswa kuwa imara zaidi, na mafuta yangepaswa kuwa safi zaidi, maana nafasi kati ya gea na ukuta ni nyembamba mno. Punje moja ya mchanga ikiingia humo huchora chuma, na mchoro huwa njia ya mafuta kuponyoka. Hivyo kitu kidogo hakikosi gharama. Hununuliwa kwa shinikizo, nalo shinikizo hudai kazi safi na vyuma bora.

Kisha yako mambo ya kuunganisha pampu na injini. Njia ya kwanza ni mkanda. Pampu zilizosaidia kugeuza usukani wa motokaa zilifanywa hivyo kwa miaka mingi. Mmarekani Francis W. Davis alionyesha usukani wa namna hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza motokaa zenye usukani usaidiwao na mafuta. Siku hizi motokaa nyingi mpya hutumia mota ya umeme kwa kazi hiyo, lakini zile za mafuta bado ni nyingi barabarani.

Pampu ya usukani ina shida yake. Motokaa ikisimama, injini huweza kuzunguka mara 750 kwa dakika. Ikienda kasi sana, huweza kufika mara 6,000. Pampu iliyofungwa kwenye injini hufuata mwendo wake. Dereva huhitaji msaada zaidi anapogeuza gari mahali pa kuegesha, wakati injini inazunguka polepole, na barabarani hahitaji sana. Kwa hiyo pampu hupimwa kwa ule mwendo wa polepole, na ndani yake huwekwa vali ya kurudisha mafuta yazidiyo.

"Basi, fundi," akasema kijana, "kwa nini tusichukue pampu ya usukani kuukuu, tukainulia bodi?"

"Ile haina kosa katika kazi yake," akajibu mzee. "Lakini ilifanywa kwa kusukuma kitambo kidogo, dereva akatapo kona. Ukiilazimisha kubeba tani za mchanga mara kwa mara itapata moto, mihuri yake itakauka, nasi tutaitwa mafundi wa ovyo."

Njia ya pili ni gea. Katika malori, pampu hufungwa kando ya gia boksi, mahali palipowekwa kwa kutolea nguvu. Dereva hukanyaga klachi, huingiza gea ya pampu, kisha huachia. Akimaliza, sharti aitoe kabla ya kuondoka. Akisahau, pampu itazunguka njia nzima, mafuta yatapata moto, na bodi yaweza hata kuinuka lori likiwa mwendoni.

Tena bomba liletalo mafuta kutoka tangini kwenda kwenye pampu lazima liwe pana na fupi. Likiwa jembamba, pampu huvuta na haipati. Mapovu huzaliwa ndani ya mafuta, na yafikapo penye shinikizo hupasuka kwa nguvu, yakamega chuma kidogo kidogo. Fundi mwenye masikio hujua, kwa kuwa pampu hulia kana kwamba imemeza changarawe.

6. Ulinzi huja kwanza

Siku ya pili pampu ilikuwa tayari. Kijana alishika spana, akainama aingie chini ya bodi iliyoinuliwa, ili akaze boliti ya mwisho. Mzee akamshika bega, akamvuta nyuma.

"Nini kinachoizuia bodi hii isianguke?"

"Mafuta, fundi."

"Na mafuta yamezuiwa na nini?"

Kijana akautazama mpira wa mafuta, mnene kama kidole gumba, asijibu neno. Mzee akaleta nguzo ya chuma, akaitegemeza chini ya bodi mahali pake. Ndipo akasema, "Sasa ingia."

Somo hili linapita hesabu zote tulizofanya. Mpira ukipasuka, au mtu akigusa ule mkono wa dereva, bodi huweza kushuka kwa ghafula, wala hapana mikono iwezayo kuizuia. Kwa hiyo mtu asiingie kamwe chini ya kitu kilichoshikwa na mafuta peke yake.

Yako na mengine ya kushika. Kila pampu iwe na vali ya usalama. Katika lori letu fundi aliiweka ifunguke shinikizo lifikapo kilo 120, yaani juu kidogo ya zile 102 za kazi. Mzigo ukizidi, mafuta hurudi tangini, na bodi hukataa kuinuka. Dereva mpumbavu hukaza vali hiyo ili achukue mchanga mwingi zaidi. Huyo amemfukuza mlinzi wake mwenyewe.

Tena, usitafute tundu la mpira kwa kupitisha kiganja. Mafuta yatokayo kwa shinikizo katika tundu dogo kama ncha ya sindano huweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, pengine haliumi sana, lakini mkono huweza kuharibika kwa ndani. Mtu aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali mara moja, asingoje kesho. Wenye busara hupitisha kipande cha boksi, wakakiangalia kama kimelowa.

Mwisho, dereva atazame juu kabla ya kuinua bodi, kwa maana mjini nyaya za umeme ni nyingi. Na mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa maji ya mitaro ya mji huu mwisho wake ni baharini, wapatapo riziki wavuvi.

Wapagazi wa zamani walibeba mizigo kwa miili yao, na wengi walikufa kwa sababu waliowapakia hawakuhesabu kiasi cha mtu kuweza. Siku hizi tunaweza kuupa mzigo huo injini na mafuta. Lakini hesabu ingali juu yetu. Fundi mwema huanza na mzigo, hufuata na pampu, na hasahau nguzo.

Maswali

1. Jina la Kariakoo lilitokana na nini?
2. Ndani ya pampu ya gea mafuta hupita wapi? Chora picha, uonyeshe njia yake.
3. Kwa nini twasema kwamba pampu haitengenezi shinikizo?
4. Jeki ina eneo la sentimita mraba 50, nayo yasukuma kwa nguvu ya kilo 6,000. Shinikizo la mafuta ni kiasi gani?
5. Jeki hiyo hurefuka sentimita 80. Yahitaji lita ngapi za mafuta? Pampu ipelekayo lita 12 kwa dakika itaijaza kwa sekunde ngapi?
6. Rafiki yako ataka kukaza vali ya usalama ili lori libebe zaidi. Mwandikie barua fupi ya kumwonya, na umweleze sababu.